Kikohozi cha Mkwe

Nyumba za Wafanyakazi
Kambi ya Kalovya, Bonde la Luangwa
9 Juni 1993

Mama Mkwe Mheshimiwa,

Nachuchumaa, napiga makofi, naangalia chini. Yote haya nayafanya hapa chumbani peke yangu, na Daliso mbeba birika amesimama mlangoni ananicheka, lakini adabu ni adabu hata mbele ya karatasi.

Usikasirike kukuta barua yangu ndani ya kapu la mkate. Nimelifikiria jambo hili siku mbili nzima. Mila inasema mkwe asimtazame mama wa mkewe, asiseme naye, asile chakula chake, asipite naye njia moja, mpaka siku ukoo wa mke utakapompikia na kumwingiza nyumbani. Hayo nimeyashika miaka mitatu. Wageni wanausifu mkate wako, mimi ndiye ninayewakatia vipande huko porini, na sijawahi kuulamba hata upande. Ila kuhusu kuandika, nimemuuliza mzee Kapansi wa stoo, akasema wahenga hawakukataza kwa sababu hawakuwa na kalamu. Nikaona hapo pana upenyo.

Shida yangu ni hii. Juzi asubuhi nilikuwa nawatoa wageni sita kwenye mahema kwa miguu, nikaona kitenge chako cha samaki wa manjano kinakuja upande wangu na sinia kichwani. Nikakohoa mara moja, kwa heshima, ili ujue mkwe yuko njiani upishe. Ukaja. Nikakohoa tena, kikohozi cha mtu mzima. Ukaja tu. Mara ya tatu nilikohoa mpaka bibi mmoja wa Kijerumani akatoa dawa ya kifua mkobani akanipa. Zilibaki hatua kumi. Ningefanya nini, Mama? Niliruka kichakani.

Na kichakani alikuwa amelala nyati dume, yule mzee aliyefukuzwa na kundi lake. Sijui nani alishtuka zaidi. Yeye alikimbilia mtoni, mimi nikapanda mti wa msangu, na msangu una miiba. Daliso amenichomoa kumi na saba hadi sasa. Bibi wa Kijerumani anasema hajawahi kufurahia matembezi kama yale. Bwana Rupert mwenye kambi ndiye hakufurahi. Alinifokea: miaka kumi unaongoza wageni, leo unajirusha kwenye nyasi bila kutazama? Nimjibu nini? Kwamba namkimbia mpishi wake?

Kwa hiyo naomba kujua mawili. Nimekukosea nini hata hutaki kunipisha? Na siku yangu ya kuingizwa ni lini? Mwanetu Lusungu ana meno kumi sasa. Kila mwaka tunaambiwa mjomba wa mke wangu Nkandu hajapata nafasi. Kaka zangu Chipata wameanza kuniuliza kama nilioa au niliazima.

Mkweo,
Yobe Nzima


Jikoni, Kalovya
11 Juni 1993

Mkwe wangu Yobe,

Barua yako nimeikuta chini ya mkate, imelowa siagi. Nimeisoma mara tatu, mara mbili kwa ajili ya maneno na ya tatu kwa ajili ya kucheka. Wangoni nyie! Mnatamba babu zenu walitoka kusini wakiteka kila waliyemkuta njiani, kumbe mjukuu wao anakimbia sinia la skonzi.

Usione ajabu nikikutania. Kama mama mkwe natakiwa ninyamaze, lakini kwa mimi Mbemba, wewe Mngoni ni mtani wangu tangu babu zetu walipopigana mpaka wakachoka, na mtani halazimiki kunyamaza. Mila moja inanifunga mdomo, nyingine inanifungua. Nimeamua mdomo ufungwe, mkono ufunguliwe.

Hujanikosea kitu. Kikohozi chako nilikisikia, tena vizuri sana. Nilidhani ni nyani, maana wamejaa mwaka huu. Tufanye hivi: nikitaka kutoka nitafunga kitambaa chekundu kwenye nguzo ya jiko. Ukikiona, pita njia ya mtoni. Huna haja ya kukohoa tena, kifua chako kipumzike.

Kuhusu kuingizwa, mjomba wa Nkandu anaumwa mguu. Ukipona tutaongea. Tena mkwe mwenyewe ni mla panya kama Wangoni wote, nahitaji muda wa kujifunza mapishi.

Jana nyegere kavunja mlango wa stoo, kala siagi yote, kisha kalala juu ya magunia ya unga kama mwenye nyumba. Mzee Kapansi alimwomba atoke kwa lugha nne. Niandikie tena. Hapa jikoni wasaidizi wangu wanaongea wao kwa wao, mimi nabaki na sufuria.

Mimi mama mkweo, mama yake Nkandu,
Bana Nkandu


Kalovya
20 Juni 1993

Mwanangu Nkandu,

Salamu kwako na kwa mjukuu wangu. Darasa lako lina watoto wangapi mwaka huu? Usilie ukisoma yafuatayo, na kama utalia, ulie baada ya kumaliza kusoma.

Masikio yangu yamekwisha. La kushoto lilizimika msimu wa juzi, baada ya ile homa. La kulia linasikia sufuria ikianguka, basi. Hapa kambini hakuna anayejua. Mimi mpishi mkuu ndiye ninayetoa amri, watu wananisikiliza mimi, nami nimejifunza kutazama midomo na kucheka wanapocheka wenzangu.

Mumeo alinikoholea njiani mara tatu. Sikusikia hata moja. Nimemwandikia kwamba nilidhani ni nyani. Namdanganya, na naona vibaya, kwa sababu barua zake ni nzuri. Kwa miaka mitatu nina mkwe na sikujua kama anachekesha! Barua naisikia yote, neno kwa neno, haihitaji sikio.

Sasa unaelewa kwa nini namchelewesha kuingia. Mguu wa mjomba wako ni mzima kabisa, juzi alicheza ngoma kwenye harusi. Lakini siku Yobe akiingia ataketi mbele yangu aseme nami, na kabla kikombe cha munkoyo hakijaisha atakuwa amejua. Na yeye ni mwongozaji. Sheria yao ni kuripoti chochote kinachohatarisha watu porini. Mpishi asiyesikia tembo si hatari? Bwana Rupert atanishukuru kwa upole, atanipa blanketi, atanirudisha kwetu Mpika. Nikafanye nini Mpika, mjane kiziwi, kwenye nyumba tupu, masika yote nikitazama mvua isiyo na sauti? Naogopa, mwanangu. Usimwambie.

Mama yako


Chipata
4 Julai 1993

Mama,

Nimesoma barua yako jikoni, nshima ikaungua, mwanao akala ukoko.

Nitanyamaza kwa sababu umeomba, lakini mpaka mwisho wa msimu tu, siku moja zaidi sitanyamaza. Nani anakusikilizia tembo? Nani anakusikilizia simba? Nikiwaza hivyo chaki inanitoka mkononi mbele ya watoto.

Na kuna jambo hulioni. Yobe anaamini humtaki. Ameniandikia kwamba huenda ulitaka Mbemba mwenzako. Mtu yule hula nshima na dagaa peke yake kila siku, miaka mitatu, akinusa mkate wako, ili asikuvunjie heshima. Unailinda kazi, Mama, lakini utampoteza mtoto.

Nkandu


Kalovya
15 Julai 1993

Mama Mkwe Mheshimiwa,

Kitambaa chekundu kinafanya kazi. Majuma matano sasa sijaruka kichakani, na miiba imekwisha mwilini. Daliso anasikitika, anasema kazi imekuwa haina burudani.

Simba majike wawili wamehamia karibu na tangi la maji. Jumanne tuliwakuta wamemuua swala puku, wanakula. Mgeni mmoja, mzee wa Kiingereza, akaninong'oneza: "Tufanye nini?" Nikamwambia tusimame tu. Akasimama vizuri sana, na baada ya robo saa nikagundua amezimia huku ameegemea mti. Alipozinduka aliomba chai na mkate wako. Alikula vipande vinne.

Ninachokuandikia hasa ni hiki. Maganda ya msangu, chakula cha tembo, yameanza kuanguka, na yule tembo dume mwenye pembe moja amerudi. Sisi tunamwita Shemeji, kwa sababu anakuja bila kualikwa, anakula, na haagi. Mwaka huu amezoea harufu ya unga. Tafadhali uwe mwangalifu. Anatembea bila kishindo, huwezi kuamini mnyama mkubwa namna ile, lakini tumbo lake linanguruma. Ukisikia ngurumo nyuma ya ukuta wa matete, usigeuke kutazama, ingia ndani ya stoo na ufunge.

Mkweo,
Yobe


Jikoni
17 Julai 1993

Mkwe wangu,

Nimekuelewa. Nitalisikiliza tumbo la Shemeji. Nimeshasikiliza matumbo ya Wangoni wengi, hili halitanishinda.

Huyo mzee aliyezimia amesimama, mfungie kipande cha keki nilichokiweka kwenye karatasi ya bluu. Cha kwako siweki, nisikutie majaribuni.

Mguu wa mjomba bado.

Bana Nkandu


Nyumba za Wafanyakazi
22 Agosti 1993

Mama Mkwe,

Leo sitanii.

Jana mchana hapakuwa na kitambaa kwenye nguzo. Nikapita njia ya jikoni na Daliso, tukakukuta mbele yetu, umetupa mgongo, unakwenda kisimani. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Nikapiga mluzi. Daliso akagonga birika kwa kijiko mpaka ndege wakaruka. Wewe ulikuwa unaimba, Mama. Hatua ishirini tulikufuata, ukaendelea kuimba, hukugeuka wala hukupisha. Walinzi walikuwa kwenye kivuli cha gari wanatutazama. Mmoja akasema kwa sauti: "Mngoni, mbona hutaki kuelewa? Huna mama mkwe wewe."

Walicheka, na mimi nikacheka. Nilipofika chumbani sikucheka.

Nimeelewa sasa. Mguu wa mjomba hautapona. Kitambaa kilikuwa cha kuniweka mbali, na barua zako ni za utani tu, kama utakavyomtania Mngoni yeyote sokoni. Mimi nilidhani ni zaidi. Nilikuwa nazitunza nikamsomee Lusungu nyumbani, hata kama haelewi.

Bwana Rupert anatafuta mwongozaji wa kambi ya juu, siku mbili kutoka hapa. Nimempa jina langu. Naondoka tarehe mosi Septemba. Hutahitaji kumpisha mtu tena.

Yobe Nzima


Jikoni
23 Agosti 1993

Yobe,

Usiende.

Nimeandika barua mbili na zote nimezitia kwenye tanuri. Kuna jambo nitakueleza, na ukishalijua utaamua mwenyewe kama utakwenda. Nipe mpaka Jumapili. Kuna maneno yanahitaji moyo, na wangu unakwenda taratibu.

Hukukosea chochote. Hilo liamini hata kabla ya Jumapili.

Bana Nkandu


Nyumba za Wafanyakazi
27 Agosti 1993

Mama,

Jumapili haikufika. Naandika kwa haraka, nivumilie mwandiko.

Nimefanya mambo matatu leo ambayo mkwe hafanyi. Nimelitaja jina lako la kuzaliwa, ambalo sikutakiwa hata kulijua. Nimekutazama usoni. Na nimekushika. Nimekushika kiunoni, mbele ya jiko zima, nikakubeba begani kama gunia la mahindi. Kwa hayo nitaadhibiwa na nimekubali.

Lakini niseme jinsi ilivyokuwa, kwa sababu sidhani wewe ulijua. Tulikuwa tunarudi na wageni. Wewe ulikuwa umeinama kwenye tanuri la shimoni unatoa mikate. Shemeji alikuwa ameshaupita ukuta wa matete, yuko nyuma yako, kati yenu pana urefu wa kitanda. Tumbo lake lilikuwa linanguruma, hata wageni walilisikia. Wasaidizi wako walipiga kelele kutoka stoo. Daliso alipiga kelele. Mimi nikaita, "Mama!", nikaita tena, kisha nikaita "Mwaba!" kwa sauti ambayo nina hakika imefika ng'ambo ya mto. Ulikuwa unapanga mikate kwenye sinia, mmoja mmoja. Ulikuwa unaimba.

Nilipokutua nyuma ya kichuguu ulinitazama ukasema: "Kwani kuna nini?" Kisha ukamwona, anakula mikate yako. Amekula yote kumi na miwili, na sinia moja kalitafuna akalitema.

Mama, mimi nimeishi na wanyama miaka kumi. Swala akiwa haoni, namjua. Simba akiwa na jino bovu, namjua anavyokula. Na wewe, umbali wa hatua hamsini, misimu mitatu, sikukujua. Nilikuwa nashughulika na kikohozi changu.

Tangu lini?

Yobe


Jikoni
28 Agosti 1993

Mwanangu Yobe,

Tangu msimu wa juzi. La kushoto lilitangulia.

Hili ndilo nililotaka kukueleza Jumapili. Kikohozi chako sijawahi kukisikia. Si cha Juni, si cha Agosti. Siku ile ya birika nilisahau kufunga kitambaa, nikadhani niko peke yangu duniani, ndiyo maana niliimba. Sauti yangu yenyewe naisikia kwenye mifupa tu, nikaona nijiburudishe. Kumbe nyuma yangu kuna mtu anavunjika moyo. Nisamehe.

Mguu wa mjomba ni mzima. Mimi ndiye niliyemzuia. Niliogopa ukiingia utajua, ukijua utaripoti, na ukiripoti nitarudishwa Mpika kukaa na ukimya. Si kwamba sikutaki. Ningekuwa sikutaki ningekuingiza mwaka wa kwanza, ule, uende zako. Na tangu Juni nilikuwa natunza barua. Nilijua siku tukianza kusema, hutaandika tena, na mimi sitakuwa nimebaki na sauti yako yoyote.

Ulivyonibeba sikujua nini kinanitokea, lakini niliusikia moyo wako unagonga ubavuni mwangu. Huo niliusikia.

Sasa nenda kwa Bwana Rupert. Ni kazi yako, sitakulaumu. Ila mwambie mikate ya leo itachelewa, nimebakiwa na sinia moja.

Bana Nkandu


Nyumba za Wafanyakazi
30 Agosti 1993

Mama,

Nimekwenda kwa Bwana Rupert. Mwongozaji lazima aripoti hatari, nami nimeripoti: hatari ni tembo. Nimemwambia mpishi yeyote, msaidizi yeyote, akitoka jikoni atoke na mwenzake, wawili wawili, mmoja atazame mbele na mwingine nyuma, na anayeoka mikate awe na mtu wa kusimama ukutani. Amekubali kabla sijamaliza kusema. Sheria inaanza leo na ni ya wote, kwa hiyo hakuna atakayeuliza ni ya nani. Masikio ni yako. Ukitaka kumwambia, utamwambia mwenyewe, siku unayotaka.

Jina langu la kambi ya juu nimelifuta. Bwana Rupert ameuliza kwa nini. Nimesema mke wangu hapapendi.

Mzee Kapansi na wenzake wamekaa kikao kuhusu makosa yangu matatu. Wamesema kumwokoa mama mkwe si kosa, lakini kumbeba begani kama mahindi ni kosa, angalau ningekubeba kama mtoto. Faini ni kuku mweupe. Nimemfunga kwenye nguzo ya jiko, penye kitambaa. Daliso anasema hiyo ni mara ya kwanza Mngoni kulipa kodi kwa Wabemba na kwamba babu zangu wanagaagaa makaburini.

Mwambie mjomba mguu wake umepona.

Mwanao,
Yobe


Mpika
30 Novemba 1993

Mwanangu Yobe,

Mmefika salama? Mvua hapa haijapumzika tangu muondoke, naiona dirishani. Vyungu nimemaliza kuviosha leo, maana vilikuwa ishirini na vitatu. Dada zangu bado wanasimulia ulivyokula siku ile ya kuingizwa. Wanasema mkwe mwingine huonja kidogo kwa aibu, wewe ulikula ifisashi, ukala chikanda, ukala kuku, kisha ukavunja mkate katikati ukaunusa kwanza, ukafumba macho, na mama zake Nkandu wote wakaanza kulia. Mimi nililia pia, nikasingizia moshi.

Bwana Rupert nilimwambia mwenyewe siku ya kufunga kambi. Alisema jambo refu sana. Sikulisikia, lakini alinipa mkono, na kwenye mkono palikuwa na karatasi ya kazi ya mwaka ujao, kwa hiyo nadhani lilikuwa jambo zuri.

Sasa nina swali, na nimeona haya kuliuliza mbele ya watu. Baada ya kula, walipokuketisha mkekani mbele yangu, mjomba akakuambia, "Haya, sema na mama yako." Nilimwona akisema hivyo. Ukainua uso. Midomo yako ikacheza, muda mrefu. Nyumba nzima iliganda. Mjomba akafuta macho. Nilijitahidi kuisoma midomo, lakini taa ilikuwa nyuma yako. Nikaitikia kwa kichwa kama niliyesikia, vigelegele vikapigwa, ikawa ndiyo imekwisha.

Neno lako la kwanza kwangu, na mimi peke yangu ndani ya nyumba ile sikulipata. Nimekaa nalo siku nne. Niandikie, mwanangu. Ulisema nini?

Mama yako,
Mwaba (sasa unaruhusiwa)


Chipata
11 Desemba 1993

Mama,

Hukukosa kitu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu mwaka ule nilipooa. Nilishaihutubia miti yote ya Luangwa, Daliso anaijua kwa moyo. Ilianza na babu zako, ikaja kwa babu zangu, ikaomba radhi kwa vita, ikafika kwa Nkandu na kukushukuru kwa kumzaa na kumlea. Nilipoinua uso nikakuona unanitazama, hutazami pembeni, hufuniki kichwa, unanitazama mimi, sauti ikakataa kutoka. Hata kidogo, Mama. Midomo ilikuwa inacheza kama ya kambare aliyetupwa ukingoni. Watu walitega masikio wakingoja. Mjomba hakuwa analia, alikuwa anazuia kicheko.

Nikawaza: nimeaibika, nimewaaibisha Wangoni wote, nitatoka nikimbie mpaka Chipata. Ndipo ukaitikia kwa kichwa. Mara mbili, taratibu, kama mtu aliyeambiwa neno zito na amelikubali. Wakaamini wote kwamba nimesema kwa sauti ndogo ya adabu. Shangazi yake Nkandu amenisifu kwa heshima yangu. Hakuna aliyesikia chochote ndani ya nyumba ile, ila wewe peke yako ndiye uliyenijibu.

Tangu siku hiyo mimi na Nkandu tunaulizana kitandani, tunacheka mpaka Lusungu anaamka. Kwa hiyo na mimi nina swali. Ulikubali nini?

Mwanao,
Yobe


Mpika
19 Desemba 1993

Mwanangu Yobe,

Umenikosesha raha kidogo, maana nilikuwa na hakika. Baada ya siku nyingi za kufikiri, na kabla barua yako haijafika, nilikuwa nimeshakata shauri kwamba ulisema: "Mama, njoo ukae nasi masika haya, usibaki peke yako."

Ndicho nilichokubali, tena mbele ya ukoo mzima. Na kwa kuwa neno lililokubaliwa mbele ya ukoo halirudi nyuma, kuku nimewagawa kwa majirani, mlango nimeutia kufuli, na mizigo yangu iko kwa mkatisha tiketi. Barua hii inatangulia na basi la leo, mimi naondoka Jumanne na basi la posta, nitalala Lusaka kwa dada, Alhamisi jioni niko Chipata.

Nisubirini kituoni, na msikae mbali mkaniita. Njooni mnishike mkono.

Mama yako,
Mwaba